Sinema Ndani ya Mkebe: Habari za Watu Wakusanyao Picha Zilizofupishwa

Watu hukusanya vitu vya namna nyingi. Wako wakusanyao stampu za barua, wako wakusanyao sarafu za kale, na wako wasiotosheka mpaka nyumba imejaa saa za ukutani ambazo hakuna hata mbili zinazopatana majira. Lakini katika Ulaya na Marekani wamo watu wakusanyao kitu ambacho huenda wengi wa wasomaji hawajakisikia. Hukusanya picha kubwa za sinema zilizokatwa zikawa fupi, zikachapwa juu ya utepe mwembamba wa filamu, zikatiwa katika mkebe au kisanduku cha karatasi ngumu, na kuuzwa madukani ili mtu azionyeshe nyumbani kwake, juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani.

Picha iliyochukua saa nzima au saa mbili katika jumba la sinema iliwekwa katika dakika kumi. Mtu mwenye akili atauliza mara moja: je, kitu kilichokatwa namna hiyo kina faida gani? Ni kama kununua kitabu ambacho muuzaji amekwisha ng'oa kurasa tisa katika kila kumi. Watu wengi waliosomea mambo ya sinema walisema hivyo, tena kwa dharau, na waliwaona wakusanyaji kuwa ni watu wazima wachezao na vitu vya watoto. Basi yafaa habari hii isimuliwe kwa utaratibu, maana wenye dharau hawakuwa na haki yote upande wao.

Kwanza tupige hesabu, ili ifahamike kwa nini mkasi ulihitajiwa. Filamu ya jumba kubwa ina upana wa milimita 35. Katika kila futi moja ya filamu hiyo mna vipicha 16 vilivyopangwa kimoja chini ya kingine, na vipicha 24 hupita mbele ya taa kila sekunde moja. Kwa hiyo mchezo wa saa mbili hula futi 10,800, yaani zaidi ya maili mbili za filamu. Hakuna mwenye nyumba ambaye angeweza kununua mzigo wa namna hiyo, wala kuubeba, wala kuutafutia mahali pa kuuweka.

Kwa sababu hiyo zilitengenezwa filamu nyembamba. Mtu wa Kenya aliyepata kusimama gizani mbele ya gari la sinema la serikali, katika miaka ya 1940 na 1950, aliiona filamu ya milimita 16, isiyofikia nusu ya upana wa ile kubwa. Filamu za nyumbani zilikuwa nyembamba kuliko hiyo. Iliyoenea zaidi ina milimita 8, karibu sawa na unene wa kalamu ya risasi. Katika namna ya milimita 8 iliyotolewa mwaka 1965 na kuitwa Super 8, futi moja ina vipicha 72. Gurudumu la futi 200, lenye kipenyo cha inchi tano tu na linaloweza kukaa katika kiganja cha mkono, laweza kuonyesha dakika kumi za picha yenye sauti. Hizo ndizo dakika kumi zilizokuwa zikiuzwa.

Jogoo wa Ufaransa

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa Ufaransa. Kampuni ya Pathé, ambayo alama yake ni jogoo, ilikuwa moja ya kampuni kubwa za sinema ulimwenguni kabla ya vita vya 1914. Mnamo Desemba 1922, wakati watu wa Paris walipokuwa wakitafuta zawadi za Krismasi, kampuni hiyo ilitoa mashine ndogo ya kuonyeshea sinema iliyozungushwa kwa mkono, ikaiita Pathé-Baby. Filamu yake ilikuwa na upana wa milimita 9.5. Matundu ya kuivutia hayakuwekwa pembeni kama ilivyo desturi, bali yalitobolewa katikati, kati ya kipicha na kipicha. Kwa njia hiyo karibu upana wote wa utepe ulibaki kwa ajili ya picha, na ijapokuwa utepe ni mwembamba, kipicha chake hakikuzidiwa sana na kile cha milimita 16.

Jambo lingine lililokuwa muhimu sana ni usalama. Filamu za majumba ya sinema za siku hizo zilitengenezwa kwa naitreti, kitu kilicho ndugu wa baruti. Zikishika moto hazizimiki kwa urahisi. Hata ukizitumbukiza majini huendelea kuwaka. Hakuna baba ambaye angekubali kuweka kitu kama hicho sebuleni karibu na watoto na taa ya moto. Pathé walitumia aina nyingine isiyolipuka, na Kodak wa Marekani, walipotoa filamu yao ya milimita 16 mwaka 1923, nao walifanya vivyo hivyo. Kumbuka neno hilo la usalama, kwa sababu litarudi.

Magurudumu ya kwanza ya Pathé-Baby yalikuwa madogo mno, ya mita tisa hivi. Picha za wakati ule hazikuwa na sauti, na maneno ya wachezaji yaliandikwa katika filamu yenyewe ili mtazamaji ayasome. Lakini kusoma kwahitaji muda, na muda ni filamu, na filamu ni fedha. Basi mafundi wa Pathé walibuni njia ambayo hata leo mtu hawezi ila kuisifu. Walikata pengo dogo pembeni mwa utepe mahali penye maandishi. Pengo likifika ndani ya mashine, utepe husimama kwa sekunde chache huku mkono ukiendelea kuzungusha, maandishi yakasomwa, kisha utepe ukaendelea. Kwa hiyo maandishi yaliyohitaji futi kadhaa yalichukua kipicha kimoja au viwili tu. Taa ilikuwa hafifu, kwa hiyo haikuunguza kipicha kilichosimama mbele yake.

Kadiri magurudumu yalivyozidi kuwa makubwa, ndivyo Pathé walivyoweza kuuza michezo mirefu zaidi, mingine ikiwa imegawanywa katika magurudumu mengi. Katika michezo hiyo ulikuwamo mmoja juu ya maisha ya Napoleon, nao utasimuliwa mbele.

Mkasi wa Marekani

Kodak, kwa upande wao, hawakuuza tu, walikodisha. Katika miaka ya 1920 walifungua maktaba zilizoitwa Kodascope, ambazo zilikodisha picha za milimita 16 kama maktaba nyingine zinavyoazima vitabu. Mtu mwenye mashine alichagua picha katika orodha, akalipa, akaonyesha wageni wake, akairudisha. Picha nyingi za Kodascope zilikuwa zimefupishwa, lakini hazikupunguzwa mno kama zile za dakika kumi. Nyingine zilibaki na magurudumu matano. Maktaba hizo zilifungwa mwaka 1939.

Mtu aliyeleta biashara ya picha fupi katika maduka ya kawaida ya Marekani alikuwa Bwana Eugene Castle. Alianzisha kampuni yake ya Castle Films mwaka 1924, na kwa miaka mingi alitengeneza filamu za matangazo. Tarehe 6 Mei 1937 merikebu kubwa ya angani ya Wajerumani, Hindenburg, iliungua ilipokuwa ikitua Lakehurst katika jimbo la New Jersey, mbele ya wapiga picha za sinema waliokuwa wakiingojea. Bwana Castle alichukua picha za msiba huo, akazichapa katika filamu nyembamba, akaziuza kwa watu wa kawaida. Wakazinunua. Kuanzia hapo akawa akiuza habari za dunia, safari, vichekesho na katuni, katika maduka ya kamera na maduka makubwa ya mijini. Mwaka 1947 kampuni yake ilinunuliwa na watu wa Universal, na Universal ndio wenye picha za Frankenstein, Dracula na mazimwi mengine yote. Hapo ndipo watoto wa Marekani walipopata kuwaweka mazimwi hao katika rafu za vyumba vyao vya kulala.

Kazi ya kufupisha picha ilikuwa na ufundi wake, na mtu asidhani ilikuwa ni kukata ovyo. Mkataji alikaa mbele ya mchezo wa dakika sabini hivi, kwa mfano ule wa Frankenstein wa mwaka 1931, naye alipaswa kujiuliza ni nini ambacho mnunuzi hatasamehe kikikosekana. Uchumba wa kijana na msichana uliondoka kwanza. Mazungumzo ya wazee mezani yakafuata. Mchekeshaji wa pembeni, polisi wa mji, barua zinazosomwa karibu na moto, vyote viliachwa sakafuni. Kilichobaki kilikuwa zimwi likizaliwa, zimwi likitembea, zimwi likifukuzwa. Ikiwa filamu haikuwa na sauti, mkataji aliandika maneno machache ya kuunganisha sehemu na sehemu, na mara nyingine sentensi moja ilibeba mambo ambayo katika mchezo mzima yalichukua robo saa.

Pengine wakataji waliona kwamba mchezo mmoja unaficha mwingine ndani yake. Katika picha iitwayo House of Frankenstein ya mwaka 1944, Dracula hutokea katika sehemu ya mwanzo tu, kisha huangamia, na hadithi huendelea bila yeye. Castle Films waliikata sehemu ile, wakaipa jina jipya la Doom of Dracula, wakaiuza kama kwamba ni mchezo unaojitegemea. Na kwa kweli unajitegemea! Una mwanzo, una mbio za farasi na gari, una jua linalochomoza kwa wakati wake. Mtu asiyejua habari zake hawezi kusema kwamba umekatwa mahali.

Lakini ziko picha ambazo hazivumilii mkasi. Vichekesho vya maneno huharibika, kwa sababu mzaha wahitaji kungojewa. Hadithi za upelelezi huharibika zaidi. Mwuaji hukamatwa kabla mtazamaji hajajua nani aliyeuawa. Kwa ajili hiyo wako wakusanyaji ambao tangu mwanzo hawakuitaka kabisa biashara ya muhtasari. Hao waliandikia kampuni ya Blackhawk Films iliyokuwa Davenport katika jimbo la Iowa, chini ya Bwana Kent Eastin. Blackhawk waliuza zaidi picha za zamani zisizo na sauti na vichekesho vya Laurel na Hardy, wakajitahidi kuzitoa kamili, na mara nyingi waliweka mwanzoni maelezo ya kueleza picha ile ilitengenezwa lini na nani. Mkulima wa Iowa aliyeagiza kichekesho kwa posta alipata kichekesho pamoja na somo la historia, bila kuongeza senti.

Katika miaka ya 1970 biashara hii ilifika kileleni. Filamu ya Super 8 ilipakwa mstari mwembamba wa sumaku pembeni, uliobeba sauti, na rangi zikawa za kawaida. Kampuni ya Ken Films ya Fort Lee, New Jersey, iliuza gurudumu la futi 200 la Star Wars, picha iliyotoka mwaka 1977 na ambayo urefu wake kamili ni dakika 121. Mwenye fedha alinunua yenye rangi na sauti. Asiye na fedha alinunua ileile bila rangi wala sauti, akatia sauti ya bunduki kwa kinywa chake mwenyewe. Uingereza nako yalikuwako maduka na kampuni za namna hii, na mojawapo, Derann ya mji wa Dudley, ilisonga mbele zaidi ikauza picha nzima, hata zile za Walt Disney, katika magurudumu kadhaa ya Super 8.

Nyumbani kwa Bwana McDowall

Mtu aweza kuuliza kwa nini mkusanyaji wa Marekani asinunue picha nzima, akaachana na vipande. Jibu ni kwamba kampuni kubwa hazikuziuza. Nakala za picha nzima zilikodishwa kwa majumba ya sinema, mashule na vituo vya televisheni, kisha zilipaswa kurudishwa au kuharibiwa. Nyingine hazikurudi. Zilipotelea mikononi mwa watu, zikauzwa chini kwa chini, na wenye kampuni waliita jambo hilo wizi. Picha iliyofupishwa ilikuwa karibu njia pekee ya halali ambayo kwayo mtu wa kawaida aliweza kumiliki sehemu ya sinema maarufu. Nayo aliruhusiwa kuionyesha nyumbani tu, bila kutoza kiingilio.

Ukali wa jambo hilo ulionekana mwezi wa Desemba 1974. Makachero wa FBI waliingia nyumbani kwa Bwana Roddy McDowall, mchezaji wa sinema aliyejulikana sana kwa picha za Planet of the Apes, wakachukua mamia ya filamu na kanda zake. Bwana McDowall alikuwa mkusanyaji, hakuwa mfanyabiashara wa magendo, na mwishowe hakushtakiwa. Lakini habari ilienea, na wakusanyaji wengi walianza kuficha rafu zao kama watu waliohifadhi bangi. Mwenye Frankenstein ya dakika kumi hakuwa na haja ya kujificha. Risiti yake ilikuwa mfukoni.

Kisha ukaja ukanda wa video. Mashine za VHS zilianza kuuzwa Japani mwaka 1976 na Marekani mwaka 1977, na katika miaka michache mtu aliweza kupata mchezo mzima, wenye rangi na sauti, kwa gharama ndogo kuliko ile ya dakika kumi za filamu. Kampuni iliyoanzishwa na Bwana Castle ilifungwa katika miaka ya 1980. Derann walishikilia mpaka karne hii ya ishirini na moja, kisha nao wakaacha. Tangu hapo mkusanyaji hutegemea minada, masoko ya vitu vya zamani, na mali za marehemu ambazo watoto wao hawajui la kuzifanyia.

Anayenunua leo lazima ajue kuzichunguza. Akifungua mkebe hunusa kwanza. Harufu ya siki ni habari mbaya: ile filamu ya usalama isiyolipuka nayo ina ugonjwa wake, na mahali penye joto na unyevu huanza kuoza polepole, ikajikunja, ikanywea, mwisho haipiti tena katika mashine. Wakusanyaji husema huambukiza nyingine zilizo karibu, kwa hiyo mkebe unaonuka hutengwa kama ng'ombe mgonjwa. Baada ya pua huja macho. Filamu nyingi za rangi zilizochapwa kabla ya miaka ya 1980 zimepoteza buluu na manjano, zikabaki na wekundu mtupu. Bahari ni nyekundu, majani ni mekundu, na uso wa mchezaji ni kama wa mtu aliyekaa karibu na tanuru. Hakuna dawa ya kuirudisha rangi ndani ya filamu yenyewe. Ndiyo maana picha za weusi na weupe, ambazo zamani ziliuzwa kwa bei ya chini, mara nyingi ndizo zilizodumu vizuri.

Kilichobaki Baada ya Moto

Sasa turudi kwa wale wenye dharau na swali lao la faida.

Mwaka 1925 kampuni ya First National ilitoa picha iitwayo The Lost World, iliyotokana na kitabu cha Arthur Conan Doyle. Ndani yake fundi Willis O'Brien aliwatembeza wanyama wakubwa wa kale, kwa kusogeza sanamu ndogo kidogo kidogo na kupiga kipicha kimoja kimoja. Mwaka 1929, wakati picha zenye sauti zilipokuwa zikichukua nafasi ya zile zisizo na sauti, kampuni iliiondoa picha hiyo sokoni, na karibu nakala zake zote zikaharibiwa. Lakini Kodak walikuwa wamekwisha chapa muhtasari wao wa magurudumu matano kwa ajili ya maktaba za Kodascope. Kwa miongo mingi, yeyote aliyeiona The Lost World aliuona muhtasari ule. Sehemu nyingine zilizopotea zilipatikana baadaye, hasa katika nakala moja iliyokuwa imehifadhiwa nchini Czech, na picha ikaungwa upya karibu na ukamilifu wake. Kama si mkasi wa Kodak, pasingekuwa na kitu cha kuungia.

Habari ya Napoleon ni ya ajabu zaidi. Abel Gance, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1889, alitengeneza picha ya maisha ya Napoleon ambayo ilionyeshwa mara ya kwanza katika Opera ya Paris tarehe 7 Aprili 1927. Alifunga kamera juu ya farasi na akaitundika ili ibembee, na mwisho wa mchezo alitumia mashine tatu na vitambaa vitatu vilivyokaa kando kwa kando, ili jeshi lote lienee mbele ya macho. Watu wa Opera walishangilia. Lakini picha ilikuwa ndefu mno, na majumba ya kawaida hayakuwa na mashine tatu. Wenye kuinunua waliikata, kila nchi kwa namna yake, kisha zikaja picha zenye sauti na watu wakaisahau. Gance mwenyewe alizitumia sehemu zake kutengenezea picha nyingine. Kufikia miaka ya 1950 kazi ile kubwa ilikuwa vipande vilivyotapanyika.

Wakati huo huko Uingereza alikuwako mvulana wa shule aitwaye Kevin Brownlow, aliyezaliwa mwaka 1938. Wazazi wake walikuwa wamempa mashine ya kuonyeshea sinema ya milimita 9.5, naye alizitafuta filamu zake kila mahali. Karibu na mwaka 1954 alipata kutoka kwa maktaba moja ya filamu picha ambayo hakuipenda, akaomba abadilishiwe. Wakampelekea magurudumu mawili ya Napoleon. Aliyaonyesha nyumbani, na alichokiona ukutani hakikufanana na kitu chochote alichokuwa amekiona katika sinema. Kamera ilikimbia, ikazunguka, ikaanguka pamoja na watu. Alipouliza katika vitabu, vitabu havikuisifu sana picha hiyo. Kijana akaamini macho yake kuliko vitabu.

Akaanza kutafuta magurudumu mengine ya mchezo huohuo, akaweka tangazo gazetini, akapekua masoko. Alipata kipande hapa na kipande pale, akaviunga kwa mkono. Haikupita miaka mingi akakutana na Gance mwenyewe mjini London. Mzee mwenye nywele nyeupe akiongea na mvulana aliyekuja kumwambia kwamba kazi yake ni kubwa. Bwana Brownlow alikua akawa mtengenezaji wa filamu na mwandishi wa historia ya sinema, lakini kazi ile hakuiacha. Alikwenda katika hifadhi za filamu za nchi mbalimbali, akalinganisha nakala na nakala, na kile ambacho kwanza kilikuwa utepe wa milimita 9.5 kikawa tena filamu ya milimita 35.

Mwaka 1979, katika mji wa milimani wa Telluride huko Marekani, kazi hiyo ilionyeshwa nje usiku, katika baridi. Gance alikuwa na umri wa miaka 89, naye aliitazama kutoka dirishani mwa chumba chake cha hoteli. Mwezi wa Novemba 1980 ilionyeshwa London kwa muziki mpya uliotungwa na Carl Davis na kupigwa na wanamuziki papo hapo, kwa muda wa karibu saa tano. Mwezi wa Januari 1981 ilionyeshwa New York katika jumba la Radio City Music Hall, lenye viti karibu elfu sita, kwa juhudi za Francis Ford Coppola. Mzee hakuweza kusafiri. Picha ilipokwisha, watu walipiga simu nyumbani kwake Ufaransa, wakakielekeza chombo cha simu upande wa watu, naye akasikia makofi. Alifariki mwezi wa Novemba mwaka huohuo.

Bwana Brownlow aliendelea kuongeza vipande. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya heshima ya Oscar kwa kazi ya kuokoa picha za zamani, na mwaka 2016 taasisi ya filamu ya Uingereza ilitoa toleo la picha hiyo lenye urefu wa saa tano na nusu. Mwaka 2024 Wafaransa nao walionyesha mjini Paris toleo lao, walilolishughulikia kwa miaka mingi, la karibu saa saba.